Zau, Samus na Mkate wa Pumba

Katika mitaa ya Ilazo na Swaswa, kata ya Ipagala, hapa Dodoma, ukisikia kelele zinatoka kwenye kibanda cha gemu, jua ni mpira. Wawili wameshika pedi, wengine wamebanana kwenye benchi, na kila mmoja ana ushauri wake. Aliyefungwa anampisha anayesubiri. Gemu ya safari, ile ambayo mtu mmoja anazunguka kwa saa nyingi katika nchi asiyoijua, haina nafasi humo. Hakuna atakayelipa ili akae kumtazama mwenzake akitafuta njia pangoni. Gemu za aina hiyo huchezwa nyumbani, kwenye kompyuta ya mwanafunzi, mlango umerudishwa.

Tofauti hiyo ya kibanda na chumba haielezwi na bei peke yake. Asili yake ni Japani, mwaka 1986, na bila kuielewa sidhani kama mtu anaweza kuipima vizuri gemu ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote zilizotokana na masimulizi ya upande wetu wa dunia: Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024.

Tarehe 6 Agosti 1986 kampuni ya Nintendo ilitoa Metroid. Mtayarishaji wake alikuwa Gunpei Yokoi, na mmoja wa waliobeba kazi ya kuisanifu alikuwa Yoshio Sakamoto. Mchezaji anamwongoza Samus Aran, mwindaji aliyevaa vazi la chuma, aliyeshushwa chini ya ardhi ya sayari ya Zebes. Mwaka mmoja kabla yake Super Mario Bros. ilikuwa imewazoesha watoto wa dunia nzima kukimbilia kulia. Kulia ndiko mbele, ndiko ushindi, na ukishapita mahali, picha inafunga nyuma yako, hurudi tena. Basi mtoto aliyefungua Metroid mara ya kwanza alifanya alichozoea, akakimbia kulia, na muda si mrefu akakutana na upenyo mdogo chini ya ukuta. Samus hapiti. Anarukaruka, anapiga risasi, hapiti. Kinachomwezesha kujikunja akaviringika kama mpira kimewekwa kushoto, hatua chache tu kutoka pale alipoanzia. Ni lazima arudi alikotoka, apite alipoanzia, akichukue, ndipo upenyo ule ule uliomkatalia umkubali.

Naiona sehemu hiyo ndogo kuwa moja ya sehemu zenye akili nyingi zaidi katika historia ya sanaa hii. Hakuna maandishi yanayoeleza lolote wala sauti inayoamuru. Ardhi yenyewe inamfundisha mchezaji kwamba nchi hujulikana kwa kurudiwa, na kwamba aliyeshindwa na mlango jana anaweza kuurudia leo akiwa mtu mwingine. Mlango mwekundu unataka makombora; huna, unapita, unaukumbuka. Baada ya saa nzima unayapata makombora mahali pengine kabisa, na akili inaruka yenyewe hadi kwenye ule mlango. Ramani ya Zebes haikuwemo ndani ya gemu. Watoto waliichora wenyewe kwenye daftari, au wakaibeba kichwani.

Pamoja na fundisho hilo, Metroid ilitia kitu kingine ndani ya mbegu yake: upweke. Sakamoto na wenzake walivutiwa na filamu ya Alien ya mwaka 1979, na hata jina la Ridley, mmoja wa maadui wakubwa wa Samus, linamkumbusha mwongozaji wake, Ridley Scott. Samus hana wa kuzungumza naye. Hakuna mwanakijiji wala mzee wa kumwelekeza, na kila kinachotikisika ni adui. Silaha na uwezo anavipata mikononi mwa masanamu ya viumbe vyenye umbo la ndege, yaliyoketi kimya yakiwa yameshika zawadi, kama watu waliokufa zamani ambao walijua angekuja. Muziki ni mchache na wa baridi. Mwishoni, mchezaji akiwahi kumaliza, Samus anavua kofia ya chuma na kumbe ni mwanamke. Hilo lilishangaza wengi mwaka 1986 na bado linasimuliwa. Mimi kinachonikaa zaidi ni kwamba hata siri hiyo anaifichua kwa mtu mmoja tu aliye nje ya kioo. Ndani ya dunia yake hakuna wa kushangaa.

Uzao wa gemu ile umetapakaa. Super Metroid ya 1994 iliupa umbo hilo ukamilifu ambao wengi wanauona haujapitwa. Mwaka 1997 Koji Igarashi na wenzake wa Konami walitoa Castlevania: Symphony of the Night, na kutokana na majina hayo mawili wachezaji wakaunda neno la aina nzima: Metroidvania. Igarashi mwenyewe amesema kwamba alichokuwa akikitazama zaidi ni The Legend of Zelda, ndugu wa Metroid kwa mwaka na kwa kampuni, na ni haki kumsikiliza. Lakini umbo la milango inayokumbukwa liliendelea kuitwa kwa jina la Metroid. Kisha zikaja Ori and the Blind Forest mwaka 2015 na Hollow Knight, iliyotengenezwa na watu wachache sana huko Adelaide, Australia, mwaka 2017. Januari 2024 Prince of Persia: The Lost Crown ilirudi kwenye visasili vya Uajemi kwa umbo hilo hilo, ikiwa na sauti za Kiajemi kwa anayezitaka. Miezi mitatu baadaye ikaja Kenzera, ikiwa na sauti za Kiswahili.

Kabla ya Kenzera, turudi nyuma zaidi ya kompyuta zote. Pwani yetu ina hadithi ya mtu aliyefungiwa mahali akatoka kwa kifaa alichokipata: Fumo Liyongo. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliiandika kwa utenzi mwaka 1913, lakini watu walikuwa wakiisimulia vizazi na vizazi kabla yake. Liyongo yuko gerezani Pate, anasubiri kuuawa. Mama yake anamletea chakula kupitia kijakazi wao, Saada, na walinzi wanakila kile kizuri. Liyongo anaimba, na ndani ya wimbo kuna ujumbe ambao Saada peke yake ndiye wa kuubeba: mama apike mkate wa pumba, atie tupa ndani yake. Mkate unafika. Walinzi wanautazama, wanaudharau kwa sababu ni wa pumba, wanampa mfungwa wake. Naye ameomba ombi la mwisho, ngoma ya gungu ipigwe kwa pembe na matoazi. Ngoma inavuma, watu wanacheza, na humo ndani tupa inakula chuma bila kusikika.

Ukiitazama kwa jicho la mchezaji, hiyo ni Metroid kamili. Kuna mahali palipofungwa, kuna kifaa, kuna siri ya namna ya kukipata. Hata udhaifu mmoja wa siri wa shujaa upo: Liyongo hauawi kwa chochote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Wacheza gemu wanaijua vizuri habari ya namna hiyo. Yule Dodongo wa Zelda ya 1986 humwezi kwa upanga mpaka umlishe bomu, na mchezaji hufurahi siku anapoligundua hilo. Lakini hapo ndipo njia zinapoachana. Katika gemu udhaifu ni wa adui na unagunduliwa kwa ujasiri wa mchezaji. Katika utenzi udhaifu ni wa shujaa mwenyewe, na anayeugundua ni mwanawe wa kumzaa, aliyetumwa na kuahidiwa makuu, akauuliza kwa baba yake aliyempenda.

Tupa nayo haikuwekwa ukutani ikisubiri mwenye bahati. Ilipita kwenye mikono ya watu. Mama alipika, Saada alibeba njia nzima mbele ya macho ya walinzi, na umati mzima, bila wenyewe kujua, ulipiga ngoma iliyoficha kelele ya chuma. Liyongo anasifiwa kwa nguvu zake, ila kutoka gerezani kwake kulikuwa kazi ya mji. Samus anapewa na sanamu. Liyongo anapewa na mama.

Sasa Kenzera. Aliyeibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Wapenzi wa gemu waliizoea sauti yake mwaka 2017 alipokuwa Bayek wa Assassin's Creed Origins, Mmisri anayezunguka nchi nzima na msiba wa mwanawe kifuani. Salim alifiwa na baba yake mwaka 2013, na Desemba 2023, kwenye jukwaa la The Game Awards, alisimama mbele ya watu akalieleza jambo hilo bila kujificha: gemu hii ni ya baba yake. Studio yake, Surgent Studios, ndiyo iliyoitengeneza. Mchapishaji ni Electronic Arts, kampuni ile ile ya FIFA, siku hizi EA Sports FC, ambayo imezaa mabishano mengi ya vibandani kuliko siasa.

Ndani ya gemu kijana Zuberi amefiwa na baba yake, akaachiwa kitabu ambacho baba alikiandika. Kitabuni mna Zau, mganga kijana, naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumwekea sharti: nikikuletea roho kuu tatu zilizokataa kuja kwako, nirudishie baba yangu. Anavaa kinyago cha jua, anapigana kwa moto na kwa karibu. Anavaa kinyago cha mwezi, anapiga kwa mbali na kwa baridi. Njia zimefungwa mpaka apate uwezo mpya. Maporomoko ya maji yasiyopandika leo yatagandishwa kesho na kuwa ngazi. Mifupa yote ya Metroid ipo, wala Salim hajawahi kuificha. Amesema umbo hilo linafanana na kufiwa, kutupwa ghafla mahali usipopajua, bila ramani, ukitafuta mwenyewe pa kushika. Nakubaliana naye kwa nusu. Nusu ya pili nitaifikia.

Kuna sehemu moja ya Kenzera ambayo mtu wa Dodoma hawezi kuipita haraka. Katika Metroid, uhai wa Samus unaongezwa na matangi ya nishati yaliyofichwa huku na huko. Kila tangi linamzidishia vipimo 100. Ni bidhaa. Unavunja ukuta, unaichukua, unaendelea na safari. Katika Kenzera, Zau anaongeza uhai kwa kuketi chini ya mbuyu. Anaketi, Kalunga anakuwa naye, wanazungumza habari za marehemu, za hasira, za yale yasiyosemwa mapema. Anaposimama uhai wake umekuwa mrefu. Sisi tunaokaa na mibuyu mashambani na kandokando ya barabara, tuliokulia kwenye vikao vya kivulini, hatuhitaji kuelezwa kwa nini mtu anaondoka hapo akiwa na nguvu zaidi. Kifaa cha Kijapani kimebaki na kazi yake ile ile, na ndani yake mmewekwa desturi nyingine kabisa.

Mazungumzo hayo ya mbuyuni, na mengine yote kati ya Zau na Kalunga njiani, yana umbo ambalo Dodoma ina haki ya pekee ya kulitambua. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki mwa mji huu, akafariki mwaka 1969. Alikuwa mwanasheria, mwanahistoria wa Wagogo, na mshairi aliyeipa lugha yetu bahari mpya: ngonjera. Waliosoma shule za Tanzania tangu Azimio la Arusha la 1967 wanaikumbuka kwa miguu yao, maana ilisimamiwa mbele ya wageni rasmi, sare zimepigwa pasi, mmoja akipinga na mwenzake akimjibu. Mpango wake unajulikana. Asiyejua au asiyetaka anaanza kwa ubishi. Anayejua anamjibu ubeti kwa ubeti, hamtukani, hamfukuzi. Ubishi unalegea kidogo kidogo, hadi ubeti wa mwisho wanasema kwa kauli moja.

Kenzera ni ngonjera. Zau anaanza akidai, anabeza, anamwambia mungu wa mauti timiza ahadi yako. Kalunga anajibu kwa upole wa mzee ambaye ameyasikia madai hayo tangu watu walipoanza kufa. Hambishii kwa nguvu, anatembea naye. Kila roho kuu inapotulizwa, sauti ya Zau inashuka daraja moja. Mwisho si ushindi dhidi ya mauti, ni mahali ambapo wawili wanasema jambo moja. Sidai kwamba Salim alimsoma Mnyampala. Nasema kwamba mtu wa asili ya Afrika Mashariki alipotaka kuutia uhai mwili wa gemu ya Kijapani, alichokitia ni sauti ya pili inayojibu, na kwa hilo ameubadilisha uzao wa Metroid kuliko Nairobi X ya Andrew Kaggia, ambayo mwaka 2015 iliwaleta wavamizi wa anga mitaani Nairobi ikauacha mpango wa kufyatua risasi kama ulivyokuwa.

Mpwa wangu, mwanafunzi, aliicheza kwetu Ipagala kwenye kompyuta yake, sauti zikiwa za Kiswahili. Mama yangu alikuwa sebuleni akichambua mboga. Lugha ilipomfikia aliacha kazi, akaja akasimama mlangoni, kisha akavuta kigoda.

"Huyo kijana anamtafuta nani?"

"Baba yake, Bibi. Amefariki."

"Amezikwa wapi?"

Mpwa wangu alisimamisha gemu. "Hapa anapigana ili arudishwe, Bibi."

"Nimesikia. Nauliza amezikwa wapi, na nani wamekaa na mama yake."

Hiyo ndiyo nusu ya pili. Mtu akifiwa Ipagala, kabla jua halijazama turubai limefungwa. Viti vya kukodi vinashushwa, majirani wanaleta kuni na sufuria, daftari la rambirambi linafunguliwa na jina la kila aliyetoa linaandikwa kwa kalamu. Wanawake wanalala chini na mfiwa. Wanaume wanakesha nje. Mfiwa haachwi peke yake, na mara nyingine anatamani aachwe. Wapo wanaotoka hapo wakiwa na msiba wao mkavu kabisa, haujaguswa, kwa sababu kulikuwa na watu wa kulisha na shughuli za kusimamia. Kwa hao Kenzera inasema kweli, kwamba baada ya turubai kufunguliwa kuna nchi ambayo mtu huivuka mwenyewe. Ila safari yote ikiwa ni ya Zau na Kalunga, na watu anaokutana nao njiani wakiwa wachache na wa kupita, mtazamaji kama mama yangu anaona nusu ya msiba haipo. Haikuachwa kwa kusahau. Umbo lililorithiwa kwa Samus halina mahali pa kuweka turubai. Ramani ya aina hiyo inamtaka mtu mmoja, korido na mlango. Ukiijaza majirani, upenyo wake unakosa maana.

Kuna urithi mwingine unaoibana, nao ni bei ya kufa. Katika Metroid ya kwanza, Samus akifa anarudi na vipimo 30 tu vya uhai, na kujijaza upya ni kazi ya kuchosha. Kufa kulikuwa na uzito fulani, ingawa ulikuwa uzito wa muda uliopotea. Gemu za leo zimekuwa na huruma zaidi. Zau akianguka kwenye miiba anarudishwa nyuma kidogo na anaendelea. Basi hadithi inamwambia mchezaji kwamba mauti hayarudi nyuma, na vidole vyake vinajifunza kinyume chake, mara kumi ndani ya robo saa. Nimelifikiria sana jambo hili na sioni kama Salim alilitatua. Utenzi wa Liyongo ulilitatua kwa namna ambayo hakuna gemu niijuayo imeikaribia. Akishachomwa sindano, Liyongo anachukua upinde wake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kutega mshale, na katika hali hiyo anakata roho. Mji mzima unamwona na haujui kama amekufa. Watu hawateki maji. Siku zinapita, na hakuna anayethubutu kusogea mpaka mama yake analetwa ambembeleze kwa nyimbo. Kifo chake kinatokea mara moja tu, na kinaziba kisima cha mji.

Upande wa visasili nao una jambo la kusemwa. Kenzera inatangazwa kuwa imetokana na masimulizi ya Wabantu, na roho zake kuu ni Impundulu, ndege wa radi wa Waxhosa na Wazulu; GaGorib, ambaye ni wa Wakhoikhoi; na Kikiyaon, wa Afrika Magharibi. Wawili kati ya hao watatu si wa Wabantu. Kalunga ni wa upande wa Kongo na Angola. Aurion, gemu ya Kameruni iliyotoka mwaka 2016, ilikwepa mtego huu kwa kubuni dunia yake yenyewe. Simlaumu Salim sana. Alikuwa akiandika kwa ajili ya baba, na mtoto aliyekulia Uingereza hupokea Afrika ikiwa imechanganywa. Lakini msomaji wa Mnyampala, aliyefungua kitabu chake cha 1954 cha historia, mila na desturi za Wagogo, anajua ni kiasi gani cha masimulizi kipo katika kabila moja tu la nyanda kame, pamoja na majina ya koo, njia walizopita na mahali walipoketi.

Ndiyo maana ningependa gemu itakayofuata isianze na mganga wa bara zima. Ianze na gereza la Pate, kwa wachezaji wawili. Mmoja anamwongoza Saada: apike na mama, apite kwa walinzi, achague mkate upi uonekane na upi udharauliwe, kisha akusanye wapiga pembe na matoazi. Mwingine ni Liyongo, na tupa yake inakata chuma pale tu mwenzake anapoishika midundo ya gungu. Milango ya Metroid ibaki, kurudi nyuma kubaki, lakini kifaa kipite kwenye mikono ya mtu. Utenzi umeandikwa tangu 1913, gungu ipo, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki nzima ya masomo ya kompyuta yenye vijana wanaotafuta mradi wa kumalizia shahada.